Usiteme

Wiki moja kabla ya upasuaji daktari alinipa karatasi ya maelekezo. Niliisoma kama watu wanavyosoma mkataba: juu kwa makini, chini nikapitisha macho tu.

Gego langu la mwisho, la chini kulia, lilikuwa limelala chini ya ufizi. Kwenye picha ya eksirei lilionekana limemwegemea jirani yake kama abiria aliyesinzia begani mwa mwenzake. Chini ya mizizi yake ulipita mstari mwembamba wa kijivu. Daktari aliugusa kwa ncha ya kalamu: mfereji wa neva ya taya. Neva hiyo ikisumbuliwa, alisema, mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache ganzi haiondoki kabisa. Nikatia saini. Tangu hapo sikuwaza kingine ila mdomo wangu.

Maandalizi yenyewe yalikuwa madogo. Niliorodhesha dawa ninazotumia, nikamwomba dada aje kunichukua. Asubuhi nilikula kama kawaida, maana ilikuwa sindano ya ganzi tu. Wanaolazwa usingizi ndio hukatazwa kula kwa saa kadhaa. Nilipiga mswaki mara tatu, kana kwamba nakwenda kukaguliwa.

Maumivu hayakuwepo. Nguvu zilikuwepo, tena nyingi. Jino halikuweza kutoka zima, hivyo ufizi ulichanwa, mfupa kidogo ukaondolewa, kisha jino likakatwa vipande viwili. Mashine ya kukatia haisikiki masikioni. Inavuma ndani ya fuvu. Mwishoni niliona kiwiko cha daktari kikipanda na kushuka, uzi ukiteleza juu ya shavu nisilolihisi, nikajua ninashonwa.

"Uma shashi hii nusu saa," akaniambia. "Usiteme, usisukutue leo, usinywe kwa mrija. Damu ikiganda pale kwenye tundu, iache."

Dada aliyakariri maneno hayo njia nzima. Mimi nilikuwa nikibana mdomo kwa kucha kila dakika tano. Jioni ukaanza kuwasha, kisha kuchoma, kisha ukarudi wote. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimeshapona.

Usiku ule mate yalijaa ladha ya chuma. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba damu ikiwa mdomoni inatemwa, na sasa nilitakiwa kuimeza au kuiacha ichuruzike yenyewe. Dada alipolala nilikwenda kwenye sinki, nikajaza maji mdomoni, nikasukutua kwa nguvu zote, nikatema. Mara tatu. Nikaosha sinki vizuri.

Siku ya pili na ya tatu shavu lilivimba hadi jicho likaonekana dogo. Hilo nilikuwa nimelisoma, halikunitisha. Siku ya kwanza dada alikuwa akiniwekea barafu dakika 15, anaitoa, anairudisha. Baadaye alinitayarishia maji ya vuguvugu yenye chumvi, na kunisimamia nisuuze polepole, bila kutema, nikiinamisha kichwa tu maji yamwagike. Nilitii kila kitu, kwa unyenyekevu wa mtu mwenye siri.

Siku ya nne, wakati maumivu yalipotakiwa kupungua, yakapanda. Yalitoka kwenye taya yakaingia sikioni, yakapiga kambi huko. Dawa za maumivu zikawa kama maji. Tukarudi kwa daktari.

Nilifungua kinywa upana wa vidole viwili, ndio uwezo uliobaki. Alimulika, akanusa, akatikisa kichwa.

"Damu iliyoganda imetoka, mfupa uko wazi. Wakati mwingine hutokea tu. Ulisukutua siku ile?"

"Kidogo," nikasema.

Dada aliyekuwa kitini pale kando akainua macho kwenye simu yake.

Daktari alisafisha tundu, akalijaza dawa iliyonukia karafuu. Ndani ya dakika chache lile sikio lilinyamaza. Sijawahi kuipenda harufu yoyote kiasi kile. Hadi leo nikiisikia, bega langu la kulia hushuka lenyewe.

Tuliondoka kimya. Tulipofika mlangoni mwa nyumba dada akasimama, funguo mkononi.

"Kidogo kiasi gani, mdogo wangu?"

Nikamwonyesha shavu, kama vile nimekatazwa kuongea.