Nilimwambia mwanafunzi kromosomu inakaa kama X, nilikosea

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha baiolojia kidato cha nne nilichora kromosomu ubaoni kama walimu wote tunavyochora, ile X nene yenye kifundo katikati, na binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, madam, hivi ndani ya seli zinakaaga hivyo hivyo muda wote? Nikamjibu ndio, nikaendelea na somo. Sio kweli. Miaka imepita, sahivi nafanya kazi maabara, na kila nikikaa mbele ya hadubini swali lake linanirudia.

Ile X unaiona kwa muda mfupi tu, seli inapogawanyika. Muda mwingine wote DNA inayounda kromosomu imetawanyika kwenye kiini kama uzi uliovurugika, na uzi wenyewe sio mchezo, ukiinyoosha DNA ya seli moja ya binadamu unapata kama mita 2, na zote zimeshindiliwa kwenye kitu ambacho kwa macho hukioni kabisa. Picha nyingi za jeni zilizomo vitabuni zimepigwa kwenye seli zilizokufa. Kuna njia ya kutia jeni rangi inaitwa FISH, nzuri sana na hospitali kubwa zinaitumia mpaka leo, ila kwanza unaiua na kuikaza seli kwa dawa kama fomalini, alafu unaipasha moto mpaka nyuzi mbili za DNA ziachane ndo kipande chako chenye rangi kipate pa kujishika. Unajua jeni ilikuwa wapi dakika ile ulipoiua seli, basi.

Sasa CRISPR, njia ya kuhariri jeni. Watu wakilisikia hili jina wanawaza mkasi tu, kukata jeni, watoto wa kutengenezwa na kadhalika, na ni kweli Cas9 ni protini ambayo bakteria wanaitumia kukatakata virusi, na mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier na wenzao walionyesha kwamba ukiipa RNA ya kuiongoza yenye herufi 20 za mahali unapopataka inaenda kukata pale pale, wakapata Nobel 2020. Lakini kilichonivuta mimi ni ile isiyokata. Cas9 ina meno mawili, kila jino na uzi wake, na ukibadilisha amino asidi mbili tu, ya 10 na ya 840, meno yote yanakuwa butu. Kutafuta bado inatafuta. Inapita kwenye DNA yote hiyo mpaka ifike mahali pake, inashika na kung'ang'ania. Inaitwa dCas9, na ukiifunga taa mgongoni basi popote iliposhika panawaka, na seli iko hai.

Taa yenyewe imetoka kwa konyeza! Sisi tuliokulia pwani konyeza tunamjua kwa kuwasha tu, akikugusa ukiogelea unajikuna mpaka jioni, lakini kuna aina moja ya Pasifiki upande wa Marekani ambayo Osamu Shimomura alitoa protini yake ya kijani mwaka 1962, ndo hiyo GFP, nayo ilileta Nobel yake 2008.

Desemba 2013 ndo Baohui Chen, Bo Huang na wenzao kule San Francisco wakatoa kazi ya kuunganisha hivi vitu viwili. Walianza na telomea, zile ncha za kromosomu, kwa sababu pale herufi TTAGGG zinajirudia mara nyingi sana, kwahiyo RNA ya aina moja tu inaita dCas9 kibao zikajipanga pamoja. Jeni ya kawaida isiyojirudia ndo kazi, iliwabidi watumie RNA kama 30 tofauti kwa sehemu moja. Nikieleza nyumbani kwanini, nawakumbusha wavuvi wa dagaa na karabai zao. Usiku wa giza taa zinaonekana mbali, mbalamwezi ikiwa kali hata baharini hawaendi maana mwanga unamezwa. Ndani ya kiini ile mbalamwezi ni dCas9 zote zinazoelea na taa zao bila kushika kitu.

Hilo nililijua kwa vitendo. Seli zangu za kwanza kiini chote kilikuwa kijani, na ndani yake madoa matatu manne yanawaka kweli kweli, nikafurahi nikamwita dada mmoja aliyenitangulia pale maabara. Akaangalia, akaniambia kwa upole, mdogo wangu hizo ni nukleoli, vijisehemu vya ndani ya kiini, dCas9 ikikosa RNA ya kuiongoza inajikusanya humo. Tulirudi nyuma wiki kadhaa. Tukapunguza dCas9, hata dawa ya kuiamsha seli iitengeneze hatukuweka, ile kidogo inayotengenezwa yenyewe ikatosha.

Alafu usiku mmoja, taa za chumba zimezimwa, kisanduku cha hadubini kiko nyuzi 37, nikaziona telomea. Vinukta vidogo vya kijani, vingi, vimesambaa kiini kizima, na havijatulia! Kila kimoja kinatetemeka mahali pake, kingine kinajivuta pembeni kidogo kinarudi, viwili vinakaribiana alafu vinaachana. Nilikaa pale karibu saa nzima sijagusa kitu, machozi yananilenga.

Tangu hapo watu wamefika mbali, Hanhui Ma na Thoru Pederson kule Massachusetts wakachukua Cas9 za bakteria watatu tofauti kila moja na rangi yake, na 2019 timu ya Stanley Qi pale Stanford ikahesabu kromosomu namba 13 kwenye seli hai za maji ya uzazi ya mimba yenye tatizo la Patau, yaani kromosomu hiyo imezidi moja, nukta tatu badala ya mbili. Kinachonisumbua mimi ni kimoja, dCas9 ikishika inafungua nyuzi za DNA na kukaa hapo, na ukiiweka mwanzoni mwa jeni inaizuia hata kusomwa, kwahiyo kila nikiona nukta inasogea najiuliza kama DNA ingesogea vile vile bila mzigo wetu. Siwezi kuandika ripoti bila kulipima hilo.

Walimu wenzangu wa baiolojia, video ya zile telomea ninayo, sekunde 40, haina sauti, ni nyepesi inapita hata kwa simu ndogo. Niandikieni niwatumie, muwaonyeshe watoto kabla hamjachora X.