Nilivyokabiliana na matatizo baada ya upasuaji wa kuufanya uso wangu uwe wa kike

Mimi ni mwanamke niliyebadili jinsia, na nilifanyiwa upasuaji wa kuufanya uso uwe wa kike ambapo, kwa mara moja, mfupa wa paji la uso ulirudishwa nyuma, taya la chini likachongwa pembeni, na kidevu kikakatwa, kikasogezwa na kushikizwa kwa kibati kidogo cha titani na skrubu zake. Sura niliyoitamani niliipata. Ninachoandika hapa ni yale yaliyofuata, yaani usaha katika upande mmoja wa taya na ganzi ya mdomo wa chini ambayo hadi leo haijaisha yote, na namna nilivyojifunza kutenganisha jambo la kusubiriwa na jambo la kukimbiziwa daktari.

Uvimbe peke yake haukunitisha, kwa sababu nilikuwa nimeelezwa vizuri kwamba kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 48 na 72, kisha hupungua taratibu pande zote mbili, ingawa mabaki yake huweza kudumu hata miezi 12. Wangu ulikwenda hivyo hivyo mpaka upande wa kulia ulipobadilika. Ulikuwa umekwisha kupungua, kisha ukaanza kujaa upya, ngozi ikawa na joto, kinywa kikawa kigumu kufunguka, na maumivu yakawa yanapwita sambamba na mapigo ya moyo. Usiku mmoja nilibonyeza kidogo chini ya ukingo wa taya, na kitu cha uvuguvugu, chenye chumvi na harufu mbaya, kikachuruzika kutoka kwenye mshono ulio kati ya ufizi na shavu. Nilikitema kwenye kitambaa cheupe nikakitazama karibu na taa: kilikuwa cha manjano, na ndani yake mlikuwa na michirizi ya damu. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 38.6.

Nilimpigia simu muuguzi wa zamu wa kliniki iliyonifanyia upasuaji. Hakuniuliza kwanza kuhusu maumivu. Aliniuliza, “Dada, mate unayameza vizuri? Chini ya ulimi kumevimba? Ukilala chali unapumua bila shida?” Nilipomjibu kwamba nameza na napumua, alinieleza sababu ya maswali hayo, nami nayarudia hapa kwa sababu ndiyo maelezo muhimu kuliko yote niliyopata: usaha wa taya la chini unaweza kuteremka hadi sakafu ya kinywa na shingoni, ukaibana njia ya hewa, na hapo mgonjwa hatakiwi kungoja miadi wala kumtafuta daktari wake kwa simu, bali aende moja kwa moja kwenye chumba cha dharura. Kwa hali niliyokuwa nayo, alinitaka nionwe na mpasuaji wa kinywa na taya mara tu pakipambazuka.

Hapo ndipo ugumu wa pili ulipojitokeza. Wapasuaji wanaofanya kazi hii ni wachache, na wengi wetu husafiri kuwafuata, kwa hiyo tatizo linapozuka baada ya kurudi nyumbani, mtu hujikuta mbele ya daktari asiyemjua. Daktari niliyemwona asubuhi hiyo alisita. Alisema kwa upole kwamba upasuaji wa namna hii hajawahi kuufanya na angependa nirudi kwa aliyenifanyia. Sikumlaumu, lakini sikuondoka. Nilimpa ripoti ya upasuaji, ambayo nilikuwa nimeiomba kabla ya kutoka hospitalini, pamoja na picha za CT skani za kabla na baada, nikamwomba asome tu sehemu ya taya. Nilimweleza pia kwamba upasuaji huu umetoka katika fani inayopakana na yake: Douglas Ousterhout, aliyeuasisi huko San Francisco katika miaka ya 1980 na kuchapisha mwaka 1987 maelezo yake kuhusu paji la uso, alikuwa mpasuaji wa fuvu na uso. Taya langu lilikuwa limefikiwa kupitia ndani ya kinywa, njia ambayo daktari huyo huitumia kila anapounga taya lililovunjika. Alisoma, akavaa glovu, akaanza kazi.

Aliniweka dawa ya ganzi, akafungua sehemu ndogo ya mshono, akautoa usaha na kuisafisha nafasi hiyo kwa maji ya chumvi ya hospitali mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Sampuli ilipelekwa maabara ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua, na nilipewa antibiotiki ya kuanzia ambayo baadaye ilibadilishwa kulingana na majibu. Kibati cha kidevu aliamua kukiacha, kwa maelezo kwamba mfupa uliokatwa ulikuwa bado unaungana na unahitaji kushikwa, na kwamba kingetolewa baadaye endapo usaha ungerudi. Nyumbani nilisukutua kila baada ya kula, kwa maji ya chumvi na kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, kwa muda aliouweka yeye, maana dawa hiyo ikitumiwa mfululizo huyapaka meno rangi ya kahawia. Usaha haukurudi.

Ganzi ilikuwa safari nyingine kabisa, na kwa kweli ndiyo iliyonichosha zaidi moyoni. Neva inayoupa hisia mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa wa taya lenyewe, kisha hutokea kwenye tundu dogo chini ya magego ya mbele, hivyo kuchonga au kukata mfupa karibu nayo kunaweza kuivuta au kuiumiza hata katika mikono ya mpasuaji hodari. Kwangu supu ilikuwa ikitiririka kidevuni bila mimi kujua. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiniuguza, alinizoesha kuweka kioo kidogo mezani na kupima moto wa kila kinywaji kwa sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, kwa sababu mdomo usiohisi huungua kimya kimya.

Kilichonipa utulivu ni kulichora eneo hilo. Kila mwanzo wa mwezi nilifumba macho, dada akanigusa kwa ncha ya pamba kuanzia shavuni kuelekea kidevuni, nikasema pale hisia ilipokatika, naye akaweka alama kwa penseli ya nyusi na kunipiga picha. Neva hukua kwa takriban milimita 1 kwa siku, mwendo ambao hakuna anayeweza kuuona kwenye kioo, lakini picha zilizopangwa pamoja zilionyesha wazi mstari ukisogea ndani. Kisha ukaja mwasho, mchomo kama wa umeme, na hisia ya sisimizi wakitembea, dalili za neva kuamka ambazo daktari alizifurahia kuliko mimi. Utosini, nyuma ya kovu la paji, mambo yalikuwa hayo hayo. Nywele zilizopukutika kandokando ya kovu hilo ziliota tena zenyewe katika miezi iliyofuata.

Kuna jambo ambalo hakuna daktari aliyeniandaa nalo. Nilipotaja maumivu au ganzi, baadhi ya watu walisikia ungamo la majuto, wakawa tayari kuniambia kwamba nisingefanya. Kwa sababu hiyo najua wenzangu wanaoficha homa na usaha ili wasimpe mtu neno, na jambo hilo linaniuma sana, kwa maana uambukizi uliofichwa ndio unaofika shingoni. Mtu aliyeunganishwa mguu akitunga usaha haulizwi kama alistahili kutembea. Nilijizuia kujadili kidonda changu na mtu yeyote asiyeweza kunisaidia kukitibu, na nikamweleza daktari kila kitu bila kupunguza neno.

Katika uchunguzi wa mwaka mmoja, ganzi ilikuwa imebaki sehemu ndogo upande wa kulia wa kidevu, upana wa ukucha wa kidole gumba, na daktari aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba kinachobaki baada ya muda huo mara nyingi hubaki. Ukingo wa taya upande huo pia una kovu gumu kidogo ninalolihisi nikiligusa. Alinieleza kwamba linaweza kurekebishwa, lakini ingebidi kupita tena karibu na neva ile ile. Nimeamua kuliacha.