Ladha ya jiwe kwenye Chablis inatoka wapi?

Wauza mvinyo hupenda kumwonyesha mteja kipande cha mwamba wa Chablis, eneo la Ufaransa litoalo mvinyo mweupe wa jina hilohilo, kikiwa kimejaa vijiganda vya chaza. Vijiganda ni vya kweli: ni Exogyra virgula, chaza mdogo aliyezikwa baharini miaka milioni 150 hivi iliyopita. Ila kusema mizizi huvinyonya na kuvileta hadi kwenye glasi ni porojo. Mzabibu hunywa madini yaliyoyeyuka majini, na yanayofika kwenye mvinyo ni kidogo mno, mengi yakiwa potasiamu.

Kazi ya udongo ni nyingine. Mwamba huo wenye vijiganda, uitwao Kimmeridgian, ni tabaka za mfinyanzi na chokaa: mfinyanzi unashika maji ya kiangazi, chokaa inapitisha yaliyozidi. Grand Cru zote 7, yaani mashamba ya daraja la juu kabisa, Les Clos na Vaudésir zikiwemo, ziko kwenye mteremko wa kulia wa mto Serein, zikitazama zaidi kusini-magharibi. Chokaa ikizidi, mzabibu unashindwa kupata chuma. Jani linageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ndiyo maana Chardonnay, aina ya zabibu ya huko, mara nyingi hupandikizwa juu ya mzizi wa aina iitwayo 41B, unaostahimili chokaa.

Halafu kuna baridi. Zabibu zinaiva polepole, asidi inabaki juu, na asidi hiyo ndiyo nusu ya kile tunachokiita jiwe. Gharama yake ni jalidi ya Aprili. Wakulima wengine huwasha makopo ya nta katikati ya mistari, wengine hunyunyizia maji: maji yakiganda hutoa joto, na chipukizi linakaa karibu na nyuzi 0 ndani ya gamba la barafu. Pampu ikizimika kabla ya barafu kuyeyuka, ni afadhali usingenyunyiza kabisa, maana unyevu unaokauka hulipoza chipukizi zaidi.

Kiwandani, ustadi ni kutoifunika ladha hiyo. Zabibu hukamuliwa taratibu, juisi ikaachwa ituame usiku kucha kwenye ubaridi. Ikiwa safi kupita kiasi, hamira inakosa chakula na uchachu unakwama njiani. Ikiwa na tope jingi, harufu inakuwa nzito. Huchachushwa kwenye tangi la chuma cha pua, nyuzi 16 hadi 20, kisha bakteria hugeuza asidi kali ya maliki kuwa ya laktiki. Hatua hiyo ikiachwa nusunusu, inaweza kuendelea ndani ya chupa, na mnunuzi atakuta mvinyo wa ukungu wenye vipovu.

Baadaye mvinyo hulala miezi kadhaa juu ya mashapo ya hamira. Hapa ndipo hujitokeza ile harufu ya gumegume lililogongwa, inayotokana na misombo ya salfa. Kidogo chake ni raha, kikizidi ni yai viza, na dawa ni kuhamisha mvinyo tangi jingine upate hewa. Wapo wanaotumia mwaloni, hata pipa la kale la lita 132 liitwalo feuillette. Likiwa kuukuu halina neno. Jipya huleta vanila, na kwa Chablis hiyo ni hasara tupu.

Unywe mvinyo huu kwenye nyuzi 10 hadi 12. Mvinyo ukitoka moja kwa moja kwenye friji, utaonja ukali wa asidi na baridi tu.