Akishuka mgongoni, nani anamjibu?

Siku ya peze, siku ya kupima watoto uzito, macho yote yanaenda kwa bebe. Bebe anawekwa kwenye kilo, analia, kadi inaandikwa, mama anamfunga tena mgongoni, basi imeisha. Mimi ni reko, mhudumu wa afya wa mtaani, hapa Kadutu mjini Bukavu, hizo siku nimezizoea, na nikwambie ukweli siku hizi siye bebe ninayemwangalia wa kwanza. Namwangalia yule mwengine wa miaka 2 au 3 aliyeshika kikwembe cha mama yake, kamasi puani, hakuna mtu anamwuliza kitu. Na nikitoka hapo namfikiria yaya yao, dada yao mkubwa wa miaka 14, aliyebaki nyumbani na masufuria, naye hakuna mtu anamwuliza kitu.

Mimi naona hivi. Sisi watu wa Bukavu tunajua kulea mtoto wa tumboni na wa mgongoni, tunajua kabisa, lakini kuna fasi mbili tunamwachia mkono: siku anashuka mgongoni, na siku mwili wake unaanza kubadilika.

Nianze tumboni juu wengi wanafikiri roho ya mtoto inaanza kujengwa siku analia maternite. Mimba ikifika kama miezi 6 hivi masikio yake yanaanza kusikia, na sauti inayomfika zaidi ya zote ni ya mama mwenyewe, juu inapita ndani ya mwili wake. Mwaka 1980 watafiti wawili kule Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa wachanga wa siku chache chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na tepu: mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake, akibadilisha mwendo anasikia ya mwanamke mwengine. Wale watoto wakajifunza kunyonya kwa ule mwendo unaomleta mama. Siku chache tu duniani na tayari wanamtafuta! Halafu mwaka 2009 watafiti wengine wakalinganisha vilio vya wachanga 30 wa Kifaransa na 30 wa Kijerumani, kilio cha wale wa Kifaransa kinapanda kuelekea mwisho, cha wale wa Kijerumani kinaanza juu kinashuka, sawa na namna wazazi wao wanavyoongea. Kwa hiyo mtoto wa hapa anazaliwa ameshasikia lugha ya Mashi ya koko, bibi yake, Kiswahili cha soko na mazoezi yote ya korale mama alikoenda kuimba na tumbo lake.

Hofu nayo inafika. Mama akiishi miezi na miezi kwenye hofu mwili wake unatoa kortizoli nyingi, ile homoni ya hofu, kondo la nyuma linazuia sehemu kubwa lakini si yote. Sisemi hivi ili mama waliokimbia vita na mimba waanze kujilaumu, hapana, najua wengi waliobeba mimba njiani na watoto wao leo wanacheka na kusoma vizuri, mwili wa mtoto una uwezo mkubwa wa kurudi sawa akipata kutunzwa. Nasema juu ya papa. Papa, mke akiwa na mimba, unavyomwongelesha pale sebuleni ni kazi ya ulezi tayari, siyo mambo ya kusubiri mpaka mtoto ajue kutembea.

Mwaka wa kwanza sitakaa sana juu hapo tuko na nguvu. Erik Erikson, yule aliyeandika kwamba binadamu anakua kwa hatua na kila hatua ina swali lake, alisema swali la kwanza ni hili: je, hii dunia naweza kuiamini? Mtoto hajibiwi kwa maneno, anajibiwa kwa kunyonyeshwa, kubebwa, kuitikiwa. Mary Ainsworth, mtafiti wa mambo ya watoto, alienda Uganda mwaka 1954, akakaa akitembelea familia kwenye vijiji karibu na Kampala, na hapo ndipo aliona vizuri namna bebe anamtumia mama kama kituo chake: anatambaa anaenda kuangalia kitu, anageuka kumtazama mama, anarudi kumgusa, anaondoka tena. Mengi ambayo leo wazungu wanafundishana juu ya mtoto na mama yake yalitazamwa kwanza kwenye mikeka ya mama za Buganda, na mimi hiyo kitu inanifurahisha sana.

Na karibu zaidi na sisi, Ituri, kuna Waefe wa msituni. Mtafiti Edward Tronick na wenzake walikaa nao miaka ya 1980 wakaona mtoto mchanga anapita mikono mingi, hata mama wengine wanamnyonyesha, na akifika miezi 4 hivi zaidi ya nusu ya wakati wake yuko kwa watu wengine, lakini usiku analala kwa mama. Wasomi wa zamani walidhani mtoto lazima awe na mtu mmoja tu, mama, kumbe mikono mingi haimharibu mtoto kama ile mikono inaitika. Kuitika ndiyo kitu chenyewe. Huyu huyu Tronick miaka ya 1970 alifanya jaribio moja, mama anacheza na bebe wake halafu kwa dakika chache anakaza uso, hacheki, haitiki, anamtazama tu. Bebe anajaribu kumrudisha, anatabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele, mwisho anageuza uso anakunja mwili. Dakika chache! Basi ninapoona mama amekaa na telefoni mkononi na bebe anamvuta kidevu namgusa bega polepole, namwambia maman, anakuita.

Sasa nifike kwa yule wa kikwembe.

Hapa kwetu mtoto anashuka mgongoni mara nyingi siku moja tu. Mimba nyingine imeingia, wanasema maziwa yamekuwa mabaya (si kweli, mwenye mimba anaweza kuendelea kunyonyesha, awe anakula vizuri tu), basi pilipili inapakwa kwenye ziwa au mtoto anapelekwa kwa koko wiki mbili ili asahau. Fikiria upande wake. Ziwa, mgongo, harufu ya mama, kitanda, vyote vimeondoka mara moja, na akirudi anakuta mtu mwengine yuko pale. Tumbo lake nalo linapoteza, juu kutoka hapo anakula bugali ya mihogo na majani kama wakubwa, hakuna samaki wadogo wa sambaza, hakuna maharagi ya kutosha, na ndiyo maana bwaki, ule ugonjwa wa utapiamlo, inapenda sana watoto wa huo umri. Mama zetu wanaijua bwaki kwa miguu iliyovimba na nywele nyekundu. Mimi nawaambia waangalie na uso: mtoto wa bwaki hataki kucheza, hataki kuguswa, analia kidogo kidogo bila machozi. Kwenye vituo vya kutibu utapiamlo wanaomba mama acheze na mtoto, amwimbie, amwongeleshe, hiyo ni sehemu ya matibabu siyo mapambo, mtoto anahitaji maziwa ya dawa na anahitaji mtu.

Kuna mmoja sitamsahau, wa miaka miwili na nusu hivi, mama yake alikuwa amezaa wa pili. Alikuwa anakaa kwenye kizingiti na kikombe cha plastiki, anakigonga kwenye simenti, tak tak tak, akiitwa haangalii. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza tena. Jirani mmoja akaanza kusema maneno, "uyu mutoto macho yake haiko bure, mutamupeleka ku maombi." Nikasikia baridi mgongoni juu najua hayo maneno yanaenda wapi, watoto wangapi hapa mjini wameitwa walozi wakafukuzwa kwao. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaweka adhabu. Lakini hiyo siku sikuanza na sheria. Nilimwambia mama: maman, bebe akilala, kabla ya kukimbilia vyombo, kaa na uyu mkubwa, wewe na yeye tu, umpake mafuta polepole namna unamupaka bebe. Na ukiogesha bebe umupe yeye kazi ya kushika sabuni. Jirani naye nilimweleza, kukojoa tena mtoto akipata mdogo ni kitu kinachojulikana dunia nzima, madaktari wanakijua, haina pepo. Haikuwa haraka. Lakini kuna asubuhi nilipita nikamkuta amevaa kitambaa mgongoni amebeba chupa ya plastiki, anaitikisa, anaiambia "nyamaza, mama anakuya."

Huo umri Erikson anasema swali ni: naweza mimi mwenyewe, au ni aibu tu? Ndiyo maana mtoto anasema hapana, hapana, yangu, niache. Sisi tunaita kichwa ngumu. Tunamtisha, "nitakupana kwa polisi, nitakuachia kwa njia," na yeye anaamini juu hajui kwamba ni maneno. Mimi naomba hayo maneno yaishe kwenye nyumba zetu. Mtoto aliyeona watu wanakimbia kweli, aliyeona kitanda kinabebwa kichwani usiku, ukimwambia utamwacha njiani hausemi kitu kidogo.

Umri wa masomo nitapita haraka. Kutoka miaka 6 mpaka 12 mtoto anataka kujua kazi yake inafaa, anataka kuonyesha daftari, na tangu masomo ya msingi ya serikali yawe bure mwaka 2019 watoto wengi wameingia lakini darasa limejaa, mwalimu mmoja hawezi kutazama madaftari yote kila siku. Basi litazame wewe, hata kama hujui Kifaransa. Sema "unionyeshe hapa umeandika nini" na usikilize mpaka mwisho.

Halafu miaka 12, 13, 14, tunamwacha tena. Sauti inakatika, matiti yanaota, na ghafla papa haongei na binti yake isipokuwa kumkataza, mama haongei na kijana wake isipokuwa kumtuma. Zamani shangazi alikuwa anamkalisha binti, leo shangazi yuko Kinshasa au amekufa au anauza mpaka saa tatu usiku. Wakati huo huo ubongo wa kijana uko kwenye matengenezo makubwa, sehemu za furaha na hasira zinafanya kazi kwa nguvu zote, sehemu ya mbele inayopima matokeo inaendelea kukomaa mpaka miaka 20 na kitu, kwa hiyo anaposema "sijui kwa nini nilifanya" mara nyingi ni kweli hajui. Hata usingizi wake unasogea, anachelewa kulala juu mwili wake umebadilisha saa, tunamwita mvivu asubuhi.

Na swali lake ni: mimi ni nani? Erikson alilijua kwa maisha yake. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, baba yake mzazi hakumjua kamwe, alilelewa na baba wa kambo akifichwa habari, na alipopata uraia wa Marekani alijitwalia jina jipya la ukoo, hilo la Erikson. Nikisoma hivyo nafikiria vijana wetu hapa. Mji wetu una hospitali ya Panzi ambayo daktari Mukwege aliianzisha mwaka 1999, na dunia nzima inajua mama waliofika pale walipitia nini, walibakwa vitani. Baadhi yao walizaa. Wale watoto wamekua, wako kwenye masomo na watoto wetu, na wanauliza "papa yangu ni nani?" Mara nyingi jibu wanalipata kwa tusi la jirani siku ya ugomvi wa bomba la maji.

Mimi nasema mtoto huyo aambiwe na anayempenda, mapema, kidogo kidogo kadiri ya umri wake: kwanza kwamba alipokelewa, kwamba jina lake alipewa na nani na kwa furaha gani, baadaye kwamba mama alitendewa ubaya na huo ubaya si wa mama wala si wake. Kama mama hana nguvu ya kusema, koko aseme, au mjomba, au mama mlezi. Mtafiti Emmy Werner alifuatilia watoto 698 waliozaliwa kisiwa cha Kauai, kule Hawaii, mwaka 1955, miongo na miongo, na kati ya wale waliokulia kwenye shida nzito karibu theluthi moja walikua watu wazima wazuri, wenye kujiamini na kujali wengine. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja asiyewaacha, na mara nyingi hakuwa mzazi: ni koko, ni tantine, ni mwalimu.

Kwa hiyo mama wa Kadutu mnaokuja kwenye peze mwezi huu, leteni na yule mkubwa, hata kama haandikwi tena kwenye kadi. Mimi nakaa kwenye benchi la karibu na mlango. Na yaya wa miaka 14 siku hana masomo aje naye, masufuria yatangoja, kuna binti wengine wa umri wake wanakaa pale nyuma na mimi tunaongea mpaka maswali yaishe.