Desemba Nyumbani Marangu: Nilivyorudi Dar Bila Kilo za Ziada

Kila Desemba, Stendi ya Magufuli inapojaa mabegi, ndoo na magunia, mimi huwa miongoni mwa Wachagga wanaopanda basi kurudi Kilimanjaro. Kwa miaka mingi sikuihesabu safari hiyo kuwa jambo la afya. Nilianza kuihesabu Januari ya mwaka juzi, nilipokwenda kliniki baada ya wiki tatu za mapumziko nyumbani Marangu, mzani ukaonyesha nimeongezeka kilo 6 na mashine ya presha ikasoma 162 kwa 101, ingawa nilikuwa nikitumia dawa kwa mwaka wa tatu. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa upole kama nina mpango wa kwenda tena Desemba ijayo, na swali hilo likanikaa moyoni mwaka mzima.

Ushauri niliopewa katika mwaka huo ulinikera, nami nausema waziwazi kwa kuwa najua wengine wanapewa uleule. Ndugu zangu waliniambia kwamba likizo ni likizo, nile, nifurahi, Januari nitarekebisha. Wanaonena hivyo wananipenda, lakini mtu mwenye presha hana Januari ya kufidia, kwa sababu mishipa ya damu haijui kama leo ni sikukuu. Mwalimu wa mazoezi niliyemwendea Dar akaniandikia ratiba iliyokuwa kinyume kabisa cha hayo: kukimbia nusu saa kila alfajiri, kuvuta mipira ya mazoezi jioni, kula mayai ya kuchemsha na unga wa protini, na kukataa vyakula vyote vya nyumbani. Mipira na unga huo vilinitoa zaidi ya laki moja. Ratiba ile ingemfaa mtu anayelala hotelini, ambaye hakuna anayemfahamu na chakula chake huletwa kwa kuagiza. Haikuandikwa kwa binti anayerudi kwenye kihamba cha baba yake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ambako kila nyumba ina shangazi anayekumbuka siku aliyozaliwa.

Safari yenyewe niliimudu vizuri. Nilibeba viazi vitamu vya kuchemsha, karanga zisizo na chumvi na maji, na basi liliposimama Korogwe, abiria wenzangu walipokimbilia chipsi na kuku, mimi niliutumia muda wote ule kutembea kuzunguka uwanja wa maegesho, kwa kuwa kukaa kutwa nzima kitini hunivimbisha miguu. Dawa nilizihesabu kabla ya kuondoka, nikaongeza za siku 10, na niliziweka katika mkoba wa mkononi wala si katika begi linalotupwa buti. Nilishuka Himo, nikapanda daladala ya Marangu, na usiku huo nililala salama.

Asubuhi ya kwanza niliamua kuifuata ratiba niliyoilipia. Niliamka saa kumi na moja na nusu, nikavaa suruali ya mazoezi na raba, nikapita katikati ya migomba iliyokuwa bado ikidondosha maji ya mvua ya usiku. Njia zetu ni vichochoro vya udongo mwekundu kati ya nyua za masale, hupanda na kushuka bila kukupa nafasi ya kupumua, na mvua za vuli zikiwa hazijakata, udongo huo huteleza kama sabuni. Marangu Mtoni iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nami nilikuwa nimetoka pwani jana yake tu, hivyo kabla sijamaliza dakika 10 pumzi ilikuwa imeniishia. Nilipofika kwenye mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee wetu, nilimkuta babu mmoja jirani yetu amesimama na jembe begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu," huku nikiendelea kukimbia. Hakuitikia. Aliliweka jembe chini polepole, akaniuliza kwa sauti iliyotetemeka, "Mama yako amefanyaje?"

Nilisimama palepale. Nilijaribu kumweleza kwamba mama yu mzima na kwamba mimi nafanya mazoezi tu, lakini tayari binti wa nyumba ya pili alikuwa amenisikia nikihema na kuuona uso wa babu, naye akaondoka mbio. Niliporudi nyumbani kwa kutembea niliwakuta majirani wawili uani, mmoja ameshika chupa ya chai, wote wamekuja kumjulia hali mama, aliyekuwa amekaa jikoni akikoka moto wake bila habari yoyote. Walipoondoka, mama aliniambia, "Mwanangu, huku mtu mzima hakimbii alfajiri ila kuna msiba au nyumba inaungua." Nilirudi kwa babu yule kumwomba radhi, na nilimpelekea kilo ya sukari, kwa kuwa mzee wa umri wake hakustahili kushtushwa namna ile. Raba nikazifungia begini.

Jambo lililoniokoa lilikuwa limefungwa nyuma ya jiko tangu siku niliyofika. Mama anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, naye hulishwa bandani kama ng'ombe wengi wa vihambani, ambako hakuna nafasi ya kuchungia. Kijana anayemkatia majani alikuwa amekwenda kwao kula sikukuu, na mama, mwenye umri wa miaka 74, alikuwa akipanga kumlipa mtu wa bodaboda aite mwingine. Nikamwomba mundu. Alinitazama mikono kwanza, kisha akaenda kuuchukua mahali anapouchomeka, kwenye paa la banda, akaujaribu makali kwa kidole gumba, akanipa pamoja na kamba ya maganda ya mgomba.

Wiki hizo tatu nilikuwa nikiteremka kila asubuhi saa moja hadi kwenye ngwe yetu ya majani ya tembo, ambayo iko bondeni, mwendo wa kama robo saa. Kukata kulichukua dakika 20 hivi, nimeinama, mkono wa kushoto ukishika kishada na wa kulia ukivuta mundu kwa chini, na kila baada ya vishada vichache nilinyooka kuupumzisha mgongo. Kisha nilifunga mzigo, nikasokota ngata ya majani makavu ya mgomba, nikaupandisha mzigo kichwani na kuanza kukwea. Hapo ndipo kazi ilipo. Mzigo wa majani mabichi yenye maji ya mvua hukufanya utembee wima upende usipende, mapaja hufanya kazi kila hatua, na huwezi kukimbia hata ukitaka. Siku ya kwanza nilifunga mzigo mkubwa ili nimfurahishe mama, ukanishinda njiani, nikalazimika kusubiri mpita njia anitue. Mama alinifundisha kipimo chake aliponiona nimechelewa: "Beba ule utakaoweza kuutua mwenyewe." Nilianza na mzigo mdogo kama mto wa kulalia, na kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nikibeba uliomtosha ng'ombe mchana mzima, huku jioni nikimkatiakatia shina la mgomba kwa panga.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi nilizifikisha kabla ya siku ya nne, na hakuna jirani aliyekuja na chupa ya chai. Badala yake, mabibi niliopishana nao njiani wakiwa na mizigo yao walinisimamisha, wakaniuliza habari za Dar, wakanirekebishia ngata. Nimeishi mjini miaka 22, na sikumbuki zoezi jingine lililowahi kunipa heshima ya namna hiyo.

Mazoezi hayakuwa mtihani mkubwa kuliko yote, hata hivyo. Mtihani ulikuwa kutembelea ndugu. Kila nyumba unayoingia Desemba ina sufuria ya mtori au machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, jikoni na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, uani, na ukisema umeshiba unamuumiza aliyekupikia. Mwaka ule wa kilo 6 nilikuwa nikikubali kila kitu na kukimaliza, na katika nyumba nyingi nilipewa mbege katika kikombe changu peke yangu, ambacho kila nilipokinywa kilijazwa. Safari hii nilimwuliza shangazi yangu mkubwa, ambaye ni mwembamba na hajawahi kukosa sherehe, anafanyaje. Alinijibu kwamba watoto wa siku hizi tumeharibiwa na vikombe. Ukiketi na wazee, mbege huzunguka katika kata moja, kibuyu cha kunywea: anayekukaribisha huonja kwanza, hukukabidhi, nawe unapiga funda, unashukuru na kumpa wa pembeni yako. Hakuna anayepima funda lako. Kinachoudhi ni kuukataa mkono uliokunyooshewa. Basi nikawa nakaa upande wa wazee, ambao kwa kweli ndio wenye hadithi, nikilowesha midomo na kuipitisha kata, na sikuwahi kumkosea mtu.

Kwa upande wa chakula, shangazi alinipa mbinu ambayo mpaka leo naiona kuwa ya thamani kuliko yote niliyowahi kununua. Tarehe 26 Desemba ukoo wetu hukutana kuchinja, na huwa tunafika watu zaidi ya 60. Aliniambia nifike mapema, nifunge kanga, niombe nigawe. Anayegawa hukaa karibu na sufuria, huwajua wageni, huwapelekea wazee kwanza, hurudi kuchukua sahani za watoto, huzunguka na maji ya kunawa, na hakuna hata mmoja anayemwuliza kama amekula, kwa sababu kila mtu anaamini mgawaji hawezi kulala njaa. Nilisimama na kutembea kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi jioni. Nilipotulia, nilijipakulia mwenyewe kwa mkono wangu: mboga ya mnafu nusu sahani, parachichi, vipande viwili vya nyama ya kuchoma, na mtori katika bakuli dogo la chai. Sikujinyima ladha yoyote ya nyumbani. Ile chumvi ya kuchovyea nyama ndiyo pekee niliyoiacha, nikatumia ndimu na pilipili, kwa kuwa kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko kimoja cha chai hakijai, na mtu huweza kukimaliza katika kinyama cha jioni moja. Wajomba walinisifu mbele ya mama kwamba mjini hakujaniharibu, na mama alifurahi mno.

Kulikuwa na asubuhi moja ya hofu. Nilitua mzigo, nikaingia ndani moja kwa moja, nikajifunga mashine ya presha niliyoibeba, ikasoma 171 kwa 98. Nilikaribia kumwita mtu wa bodaboda anikimbize hospitali. Kisha nikakumbuka nilivyoelekezwa kliniki: mtu aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono uko usawa wa moyo, na asipime akiwa ametoka tu kufanya kazi nzito au kunywa kahawa. Nilikaa, nikamsikiliza mama akikamua, nikapima tena baada ya kama nusu saa: 136 kwa 85. Tangu hapo nilipima kabla ya kushika mundu, kila siku ya pili, na kuandika nyuma ya kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani. Mtu mwenye presha asianze na mizigo bila kumwuliza daktari wake; mimi nilikuwa nimeruhusiwa kufanya kazi za mikono kabla ya kuondoka.

Mipira ya kuvuta ilipata kazi pia, kwani mama aliitumia kufungia mlango wa banda la kuku. Unga wa protini niliurudisha Dar haujafunguliwa.

Tarehe 4 Januari nilipanda basi nikiwa na ndizi mbichi na maparachichi. Mama alikuwa ameniagizia mundu mpya kwa mhunzi, lakini akanizuia kuondoka nao, akauchomeka kwenye paa la banda kando ya wake. Wiki iliyofuata nilikwenda kliniki. Nilikuwa nimepungua kilo moja na nusu, na presha ilikuwa 132 kwa 84. Muuguzi aliviona viganja vyangu vilivyoota sugu alipokuwa akinifunga kitambaa cha mashine, akauliza nilikuwa nikifanya kazi gani likizoni. Nilimweleza habari za ng'ombe wa mama kuanzia mwanzo, na yeye, ambaye kwao ni Kibosho, hukohuko Kilimanjaro, aliacha kuandika akanisikiliza mpaka mwisho.