Kamba Wasubiri Mapumziko

Barcelona, Alhamisi, saa saba usiku.

Kosa kubwa katika baa ndogo ya tapas, yaani vyakula vya sahani ndogondogo, yenye jazi hufanyika kabla ya noti ya kwanza: kuagiza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Meza ni ya duara, haitoshi sahani nne. Seti moja ya bendi huchukua kama dakika 45. Vyakula vya moto vitapoa wimbo wa pili ukiwa ndiyo kwanza unaanza, na uma wako utasikika hadi kaunta.

Afadhali kuagiza kwa kuifuata bendi. Kabla hawajaanza, chukua vitu baridi: zeituni, jibini, dagaa waliolowekwa kwenye siki. Mkate wa nyanya uliwe unapofika tu. Huo ni mkate uliochomwa, ukasuguliwa kwa nyanya mbivu iliyokatwa nusu, kisha ukatiwa mafuta ya zeituni na chumvi. Ukikaa, maji ya nyanya huingia ndani na ukoko hulainika. Croquetas, vile vitonge vya kukaanga, na kamba wa kitunguu saumu wasubiri mapumziko. Kamba huletwa katika kibakuli cha udongo, mafuta yangali yanatokota, na mlio ule mwembamba unafanana mno na brashi za waya zikisugua ngoma. Sahani moja tu ikipita katikati ya wimbo wa taratibu, mpiga dramu anapotea kabisa.

Msomaji aliyekulia kwenye bendi za dansi kama Morogoro Jazz au Western Jazz ajiandae: neno jazi ni lilelile, lakini hapa hakuna anayeinuka kucheza. Watu wameketi wanasikiliza, tena kwa makini. Mji huu una mizizi yake katika muziki huu. Klabu ya Jamboree ilifunguliwa Plaça Reial mwaka 1960, na Tete Montoliu, mpiga piano asiyeona aliyezaliwa hapa hapa mwaka 1933, alipiga sana pale.

Kusikiliza kunarahisika ukijua kuhesabu. Nyimbo nyingi za zamani zina vipimo 32 (kipimo kimoja kwa kawaida ni mapigo manne), yaani mafungu manne ya vipimo nane: A, A, B, A. Fungu la B ndilo linalogeuka, na ukilipata hilo hupotei tena. Bendi hupiga wimbo wenyewe mara moja, kisha kila mmoja hubuni papo hapo juu ya koodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zilezile, mzunguko baada ya mzunguko, halafu wimbo hurudi. Mara nyingi kabla haujarudi, wapigaji hupokezana na dramu vipimo vinne vinne. Ukisikia hivyo, mwisho umekaribia. Kama unamtaka mhudumu, vumilia kidogo.

Kinachoniuma kila mara ni solo ya besi, mpigaji wake anapoongoza peke yake. Wenzake hunyamaza au hupiga kwa mbali, sauti ya ukumbi inashuka, na watu huona ni nafasi ya kuzungumza. Kumbe hapo ndipo panapohitaji utulivu kuliko popote.

Besi yenyewe ni mtihani kwa fundi mitambo. Ni sanduku tupu la mbao, kwa hiyo sauti ya spika huingia tumboni mwake, hutoka kwenye kipaza sauti chake, hurudi kwenye spika, na mngurumo hauishi. Dawa ni kuigeuza spika isiielekee besi, kupunguza sauti nzito, na kuziba kwa kitambaa matundu yake mawili. Kuongeza sauti ili kuyashinda mazungumzo huharibu zaidi, kwani wazungumzaji nao hupandisha. Piano nayo isiwekwe karibu na mlango wa jiko: mvuke huvimbisha mbao na nyuzi huhama sauti.

Keti mita tatu au nne kutoka kwa bendi, mbali na kona, maana sauti nzito hujikusanya konani na kuimeza piano. Bili iitishe wakati wa mapumziko, na angalia kama kiingilio cha muziki kimeongezwa humo.

Usiku wa leo mtengeneza kahawa alikuwa ameshashika mpini wa mvuke, kikombe cha maziwa mkononi. Besi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza solo. Akauachia mpini, akasubiri vipimo vyote 32.