Kujiandaa kwa Kilomita 100 za Milimani: Nilivyojifunza Kushuka

Nilipopata nafasi kwa bahati nasibu katika CCC, mbio za takriban kilomita 100 zinazoanzia Courmayeur nchini Italia, kupita Uswisi na kumalizikia Chamonix nchini Ufaransa, kilichonitia hofu ni jumla ya miinuko yake, ambayo huzidi mita 6,000. Kwa kuwa ninaishi na kufundisha Lushoto, nilidhani dawa yake iko mlangoni kwangu. Kila Jumamosi alfajiri nilipanda kosta hadi Mombo, kisha nikarudi nyumbani mbio kwa barabara ya kilomita 33 inayopanda takriban mita 1,000. Baada ya miezi mitatu nilikuwa ninapanda bila kuhema sana, nikajiona nimeiva.

Kosa langu lilijulikana siku niliyopanda hadi msitu wa Magamba na kuteremka moja kwa moja mpaka Mombo. Nilipoipita Soni mapaja yalianza kutetemeka, magoti yakakataa kukunjika, na kilomita za mwisho nilizimaliza kwa kuchechemea. Kwa siku nne nilishuka ngazi za shule kinyumenyume, huku wanafunzi wakibana vicheko kwa adabu. Ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: hukaza huku ikivutwa na kurefuka, na nyuzi zake hupata michaniko midogo ambayo ndiyo chanzo cha maumivu ya siku zinazofuata. Misuli hiyo huzoea, lakini huzoeshwa kwa kushuka, na kupanda peke yake hakuisaidii.

Nikageuza ratiba. Kila baada ya siku kumi, ili miguu ipate muda wa kupona, nilikimbia kushuka hadi Mombo kwa hatua fupi za harakaharaka, nikarudi kwa gari. Konda aliyezoea kunishusha alfajiri alicheka aliponikuta stendi ya Mombo nimelowa jasho: "Mwalimu, leo umepata akili!"

Tumbo nalo lilihitaji mazoezi. Biskuti tamu zilinitapisha mara mbili, nikaziacha; nikabaki na viazi mviringo vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi, kipande kimoja kila nusu saa, hata kama sikusikia njaa. Usiku wa Magamba ulinifundisha jambo ambalo nisingelifikiria: ndani ya ukungu, taa ya kichwani huangaza ukungu wenyewe na kukuwekea ukuta mweupe usoni, hivyo ni afadhali kuivua na kuishika mkononi karibu na goti.

Siku ya mbio nilipita Grand Col Ferret, mita 2,537, mpakani mwa Italia na Uswisi, nikiwa nyuma ya watu wengi, na sikujali. Niliwapita baadhi yao kwenye mteremko wa kuelekea Trient, wakiwa wameegemea fimbo zao na kushuka upandeupande, namna ileile niliyoijua kutoka Soni. Mteremko wa mwisho, kutoka La Flégère hadi Chamonix, hushuka zaidi ya mita 800, nami niliukimbia wote, ingawa kwa mwendo ambao mwanafunzi wangu yeyote angenipita. Nilimaliza kwa saa 25 na dakika 50, zikiwa zimebaki dakika 40 kabla ya muda wa mwisho. Kesho yake nilishuka ngazi za nyumba ya wageni nikitazama mbele, mkono mmoja ukutani.